Kitanda cha Mgombea: Mizani Mbili, Ushike Ipi?

Jumamosi ya tarehe 19 Desemba 1998, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikutana kumshtaki Rais Bill Clinton kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki isitendeke. Chanzo kilikuwa uhusiano wake na Monica Lewinsky, msichana aliyeingia Ikulu kama mwanagenzi. Asubuhi ileile alisimama Bob Livingston, aliyekuwa amekwisha kupitishwa na chama cha Republican kuwa Spika ajaye. Akamtaka Clinton ajiuzulu. Kisha, ukumbi ukiwa bado unazizima, akatangaza kwamba anayeng'atuka ni yeye mwenyewe, kwa sababu michepuko yake ilikuwa imeanikwa. Spika aliyekuwa akiondoka, Newt Gingrich, alikuja kukiri miaka kadhaa baadaye kwamba wakati akimwandama Clinton naye alikuwa na mwanamke wa pembeni.

Basi chama kikatafuta mtu asiye na doa, kikampata Dennis Hastert wa Illinois: mwalimu wa zamani, kocha wa mieleka, baba wa familia, mtu mtaratibu. Akakalia kiti cha Spika miaka minane. Mwaka 2016 alihukumiwa kifungo cha miezi 15. Kwenye karatasi kosa lilikuwa la kibenki, la kuchomoa fedha kidogo kidogo ili benki isilazimike kutoa taarifa. Lakini fedha zile zilikuwa za kumziba mdomo mtu ambaye Hastert alimdhulumu kingono alipokuwa mvulana wa shule, enzi za ukocha. Kosa lenyewe lilikuwa limepitwa na muda wa kushtakiwa. Jaji hakumumunya maneno, alimwita mdhalilishaji sugu wa watoto.

Mpiga kura aliyepima kwa uaminifu wa ndoa peke yake, siku ile angemweka Hastert juu na Clinton chini kabisa. Yule wa "ya chumbani hayanihusu" asingeuliza kitu kuhusu yeyote. Wote wawili wangepitwa na mtu aliyewaumiza watoto wa watu.

Nimekianza kisa hiki kwa makusudi, maana kila picha au sauti ya mheshimiwa inapovuja, kijiwe hugawanyika pande hizohizo mbili. Upande mmoja: "Kwani amekula hela yako? Hayo ni yake na mkewe." Upande wa pili: "Kama mkewe kamdanganya, wewe ni nani asikudanganye?" Kila upande una kisa chake cha kujivunia na kisa kingine ambacho ungependa kisitajwe.

"Hayo ni yake na mkewe"

Wafaransa ndio walioitunza mizani hii kuliko wengine. François Mitterrand alikuwa rais kuanzia 1981 hadi 1995 akiwa na familia mbili. Mazarine, binti aliyezaa na Anne Pingeot, alizaliwa 1974. Wahariri wa Paris walijua, wakanyamaza. Picha za baba na mwana zilichapishwa Novemba 1994, miezi michache kabla hajaondoka madarakani. Alipozikwa Jarnac, Januari 1996, mke wa ndoa na yule mwingine walisimama kaburini siku moja, kila mmoja na watoto wake. Mimi huwa naliona jambo lile lina ustaarabu wake. Misiba mingapi ya kwetu imegeuka uwanja wa ngumi pale nyumba ndogo ilipojitokeza na watoto watatu mkononi?

Hoja ya kwanza ya upande huu ni kwamba kazi ya siasa hupimwa kwa kazi. Na usidhani ni hoja ya Wafaransa tu. Wamarekani wenyewe, ambao tunawadhania kuwa walokole wa siasa, waliishika mizani hii mwaka ule wa Clinton. Novemba 1998, kashfa ikiwa imepamba moto, chama chake kiliongeza viti vitano katika Baraza la Wawakilishi, jambo ambalo ni nadra kwa chama cha rais katika uchaguzi wa katikati ya muhula. Desemba, wiki ileile ya kushtakiwa, kura ya maoni ya Gallup ilionyesha asilimia 73 wanaridhika na utendaji wake. Ajira zilikuwepo, bajeti ya serikali ilikuwa na ziada kwa mara ya kwanza tangu 1969. Watu walimwona ni mume mbaya na rais mzuri, wakayabeba yote mawili bila kuumwa kichwa.

Hoja ya pili ina uzito zaidi kwangu. Tuhuma za ngono ni silaha rahisi mno mikononi mwa mwenye dola. Anwar Ibrahim wa Malaysia alikuwa naibu waziri mkuu hadi alipokosana na mkubwa wake mwaka 1998. Akafutwa kazi, akashtakiwa kwa ulawiti, akafungwa. Hukumu ikatenguliwa 2004. Akashtakiwa upya 2008, akaachiwa 2012, rufaa ikamrudisha hatiani 2014, akaingia gerezani 2015. Mwaka 2018 mfalme akampa msamaha, na Novemba 2022 akaapishwa kuwa waziri mkuu. Kwa muda wa miaka ishirini hivi, nchi nzima ilikuwa inajadili godoro badala ya sera.

Wanawake silaha hii huwakata mara mbili. Katie Hill wa California alijiuzulu ubunge mwaka 2019 baada ya picha zake za faragha kusambazwa. Alikuwa pia akituhumiwa kuwa na uhusiano na wasaidizi wake, na lile la msaidizi wa kampeni alilikiri, ila kilichomfukuza mjini kwa aibu ni picha. Kwetu haihitaji hata picha. Mwanamke akichukua fomu, swali la kwanza mtaani huwa kama ana mume, la pili mume yuko wapi, la tatu cheo alikipataje. Mwanaume mwenye watoto wa akina mama wanne huitwa dume. Ukisema faragha ya kila mtu iheshimiwe, angalau unafunga mlango huo kwa wote.

Sasa ubovu wake. Faragha ya mkubwa huwa na dereva, mlinzi, nyumba na bajeti. Familia ya pili ya Mitterrand iliishi katika jengo la serikali pale Quai Branly, ikilindwa na askari wanaolipwa na walipakodi. Kibaya zaidi, kitengo cha usalama kilichokuwa ndani ya Ikulu ya Élysée kilinasa simu za watu kati ya 1983 na 1986, wakiwemo waandishi wa habari. Mmoja wa walionaswa, Jean-Edern Hallier, alikuwa akitishia kufichua habari za Mazarine. Mwaka 2005 mahakama ya Paris iliwatia hatiani wahusika kadhaa wa operesheni hiyo. Yale yaliyoitwa "ya kwake na mkewe" yalikuwa yanalindwa kwa mkono wa dola, na aliyekuwa akiingiliwa faragha kwelikweli ni raia.

Ukimya ule uliwagharimu Wafaransa tena Mei 2011. Dominique Strauss-Kahn, mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, alikuwa akiongoza kura za maoni za urais wa Ufaransa alipokamatwa New York kwa tuhuma za kumshambulia kingono mfanyakazi wa usafi hotelini. Mashtaka ya jinai yalifutwa Agosti mwaka huohuo, waendesha mashtaka wakisema hawana imani ya kutosha na ushahidi wa mlalamikaji. Kesi ya madai ikamalizwa kwa maridhiano 2012. Sisemi alifanya. Ninachosema ni kwamba mapema, mwaka 2008, bodi ya IMF ilikuwa imeshachunguza uhusiano wake na mfanyakazi wa chini yake, ikauita kosa la uamuzi, ikamwacha kazini. Baada ya New York, waandishi wa Paris walibaki wakiulizana ni mangapi waliyajua na kuyaita utani.

"Aliyemdanganya mkewe..."

Mizani ya pili ina kisa chake kikuu London. John Profumo alikuwa Waziri wa Vita wa Uingereza. Mwaka 1961 alikuwa na uhusiano mfupi na Christine Keeler, binti wa miaka 19, ambaye alihusishwa pia na Yevgeny Ivanov, mwambata wa jeshi la majini katika ubalozi wa Usovieti. Vita Baridi ilikuwa imeiva, si jambo la mzaha. Machi 1963 Profumo alisimama bungeni akakana. Tarehe 5 Juni akajiuzulu, akikiri kwamba alilidanganya Bunge. Oktoba waziri mkuu Harold Macmillan akaondoka kwa maradhi, na mwaka uliofuata chama chao kikashindwa uchaguzi.

Tazama kilichomwangusha. Bunge la Uingereza lilikuwa limejaa wanaume wenye vimada, na hakuna aliyeshtuka. Walichoshindwa kumeza ni waziri kusimama mbele ya wenzake na kusema uongo. Juu ya hapo kulikuwa na swali la usalama: mtu mwenye siri ya kitandani ana kamba shingoni, na yeyote anayeijua siri anaweza kuivuta. Hapo ndipo mizani hii ina nguvu. Haihitaji uwe mcha Mungu kuikubali. Anayetishika, hata kama anatishwa na mtu wa kawaida mwenye simu yenye picha, hatakuwa huru siku ya kusaini mkataba.

Wakenya wameipa mizani hii nafasi katika katiba. Ibara ya 75 ya Katiba ya 2010, ndani ya Sura ya Sita ya uongozi na uadilifu, inamtaka ofisa wa dola ajichunge katika maisha yake ya umma na ya faragha vilevile, asigonganishe maslahi yake na kazi, wala asiishushie hadhi ofisi aliyokabidhiwa. Neno faragha limeandikwa pale kabisa. Kulitumia ni jambo jingine, lakini mpiga kura wa Kisumu au Malindi anayesema "ya chumbani hayanihusu" ajue kwamba katiba yake inasema huenda yakamhusu.

Ubovu wa upande huu umeshaonekana kwa Hastert: mizani inayotafuta uzinzi humpitisha mdhalilishaji mwenye ndoa tulivu. Huzaa unafiki pia, maana anayepiga kelele zaidi juu ya ndoa ya mwenzake mara nyingi ana cha kuficha, muulize Livingston. Kwetu kuna tatizo la tatu ambalo Waingereza hawana. Mizani hii imeundwa mahali ambapo ndoa ni mke mmoja na lolote zaidi ya hapo ni uzinzi. Uipeleke Pemba au Lamu, mheshimiwa ana wake watatu wa ndoa, mashahidi wapo, mahari imelipwa, utapima nini? Mke wa pili anayejulikana mtaa mzima hana kamba ya kumvuta mumewe shingoni. Kimada wa siri anayo. Tofauti hiyo inafahamika hata kwa bibi asiyefuatilia siasa, ila ukiazima mizani ya watu bila kuirekebisha, unaweza kuwatia wote kapu moja.

Kisa kinachozishinda zote mbili

Jacob Zuma hakuficha wingi wa wake zake; alicheza ngoma kwenye harusi zake hadharani, na Waafrika Kusini wengi hawakuwa na neno. Kwa hiyo tuweke ndoa pembeni.

Novemba 2005, mwanamke wa miaka 31 alilala nyumbani kwa Zuma, Johannesburg, kisha akalalamika kwamba alibakwa. Umma ulimjua kwa jina la Khwezi. Baba yake, marehemu, alikuwa mpigania uhuru mwenzake Zuma, na yeye alimwita Zuma *malume*, yaani mjomba. Zuma alikuwa na miaka 63. Alisema waliridhiana, na tarehe 8 Mei 2006 Mahakama Kuu ilimwona hana hatia. Hukumu hiyo inaheshimiwa, na mpiga kura hana haki ya kumwita mbakaji mtu ambaye mahakama imemwachia.

Kama unashika mizani ya kwanza, habari imeishia hapo: kaachiwa, tuendelee. Kama unashika ya pili, utasema ni mzinzi, hafai. Lakini sikiliza aliyoyasema mwenyewe kizimbani. Alijua Khwezi ana virusi vya UKIMWI, hakutumia kondomu, na baadaye akaoga akiamini kuoga kunapunguza hatari ya kuambukizwa. Mtu huyu, alipokuwa makamu wa rais, ndiye aliyeongoza Baraza la Taifa la UKIMWI, katika nchi iliyokuwa na mamilioni ya wagonjwa. Hapo hatuzungumzii tena uzinzi. Tunazungumzia mtu aliyepewa kazi ya kuwaeleza wananchi jinsi ya kujikinga, akaonyesha kwa kinywa chake mwenyewe kwamba kazi hakuielewa. Kama fundi wa mabwawa angesema maji hayana uzito, tungesema hayo ni ya chumbani?

Na kuna *malume*. Mtoto wa rafiki yako aliyekufa, analala kwako kwa sababu ni kwako. Sheria inauliza kama alikubali. Mpiga kura anaruhusiwa kuuliza zaidi: huyu, mtu akimwamini, humfanya nini? Nje ya mahakama wafuasi walichoma picha za Khwezi. Yeye na mama yake wakakimbilia Uholanzi, na baadaye aliishi Tanzania pia kabla ya kurudi kwao, alifariki 2016. Zuma aliapishwa kuwa rais mwaka 2009.

Basi ushike ipi

Mimi nazivunja zote mbili na kuchukua kipande kimoja kimoja. Kwa mambo ya mapenzi ya watu wazima wanaoweza kukataana, nashika mizani ya Wafaransa bila aibu. Aliyeachika mara tatu, mwenye mtoto wa nje, aliyefumaniwa na mpenzi wa zamani, wote nawasoma sera zao. Mkewe ana uwezo wa kumhukumu kuliko mimi, na pengine ameshamsamehe wakati mimi bado napiga soga.

Mambo hubadilika pale ambapo mmoja hakuweza kusema hapana. Ndiyo maana, nikirudi kwa Clinton, naona mwaka 1998 pande zote zilikosea swali. Republican walishikilia kiapo, Democrat wakashikilia faragha. Lewinsky alikuwa na miaka 22 na bosi wake 49, naye ndiye mtu mwenye madaraka kuliko wote duniani. Waliridhiana, wote wamesema hivyo. Lakini mwaka 2018 Lewinsky mwenyewe aliandika kwamba ameanza kuiangalia upya ridhaa ile kwa sababu ya pengo la mamlaka lililokuwepo. Ilimchukua miaka ishirini, na wapiga kura walikuwa wameshahama. Pembeni kulikuwa na Paula Jones, mfanyakazi wa serikali ya Arkansas, aliyedai kwamba Clinton alimtaka kingono alipokuwa gavana. Kesi ile iliishia kwa malipo ya dola 850,000 bila kukiri kosa. Hilo halikuwa la mke na mume hata chembe. Lilikuwa la ajira.

Sisi kwa jambo hili tuna jina ambalo naliona bora kuliko maneno mengi ya wakubwa: rushwa ya ngono. Linaliondoa suala kitandani na kulipeleka kwenye rushwa, mahali pake. Sheria ya Tanzania ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la ajira, cheo au haki ya mtu. Wanawake wanaowania nafasi ndani ya vyama wamelalamikia jambo hili mara kwa mara. Mgombea anayesemwa na watumishi watatu wa ofisi moja, kwa nyakati tofauti, kwa mtindo uleule, huyo kwangu si habari ya umbea. Huyo ni mla rushwa ambaye risiti zake ni watu.

Kitu cha pili nachoangalia ni nani alilipa na ofisi ipi ilitumika. Silvio Berlusconi alikuwa na sherehe zake, nazo zingebaki zake. Mei 2010, akiwa waziri mkuu wa Italia, alipiga simu kituo cha polisi Milan ili binti wa Kimorocco wa miaka 17, aliyeshikiliwa kwa tuhuma za wizi, aachiwe, kwa maelezo kwamba ni ndugu wa Rais Mubarak wa Misri. Mahakama ilimtia hatiani 2013, rufaa ikamsafisha 2014. Hata hivyo simu ilipigwa, na ofisa wa polisi alilazimika kuipokea. Simu kama hiyo ikipigwa kituo cha polisi cha wilayani kwako, utakuwa na haki ya kuijadili.

Uongo wa kawaida wa mwanaume aliyefumaniwa siuhesabu sana. Nani angekiri mbele ya kamera? Uongo chini ya kiapo au mbele ya Bunge nauhesabu.

Ikija wiki mbili kabla ya kura

Hapa ndipo mizani yoyote hupata kutu, maana habari hizi hupenda kuja mwishoni, usiku, kwenye simu, bila jina la mleta habari. Siku hizi hata sauti na video hutengenezwa. Kanuni yangu ni ndogo: naangalia mlalamikaji yupo na amesimama mahali fulani akasema, au kuna "inasemekana" tu? Na kama yupo, je, nani alimsafirisha hadi kwenye kipaza sauti, na kwa nini wiki hii?

Hata mlalamikaji akiwepo, mahakama ikiwepo, tahadhari haiishi. Kizza Besigye alirudi Uganda kutoka uhamishoni Oktoba 2005 kugombea urais dhidi ya Yoweri Museveni. Novemba akakamatwa, akashtakiwa kwa uhaini na kwa ubakaji uliodaiwa kutokea miaka ya nyuma. Alizunguka kampeni akitokea kizimbani. Tarehe 23 Februari 2006 Waganda walipiga kura, Museveni akatangazwa mshindi kwa asilimia 59, Besigye asilimia 37. Jaji John Bosco Katutsi alisoma hukumu ya ubakaji tarehe 7 Machi: mshtakiwa hana hatia, na upelelezi wa kesi ulikuwa wa ovyo. Kutoka siku ya kura hadi siku ya hukumu zilikuwa zimepita siku kumi na mbili.